Stesheni ya Voi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukisema umetoka Voi, mji wa Kenya ulio njiani kati ya Mombasa na Nairobi, swali la kwanza ni simba. La pili ni kama treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, inasimama. Kuhusu tawi la reli lililoufanya mji wenyewe, lile la kwenda Taveta, ni nadra mtu kuuliza. Majibu yafuatayo yanaanza na yale ya kila siku na kuishia kwa yale ya wachache. Tawi la Taveta limepewa nafasi kubwa kwa makusudi.

## Mambo ya msingi

Stesheni ya Voi ni ipi hasa? Mimi naona mbili.

Ni kweli ziko mbili. Ya zamani imo mjini, kwenye reli nyembamba ya upana wa mita moja iliyojengwa wakati wa Waingereza. Mpya ni ya SGR, iliyoanza kuhudumia abiria 2017, na reli yake ina upana wa milimita 1,435. Kwa sababu ya tofauti hiyo ya upana, behewa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine.

Mzee wa Voi akisema "stesheni" bila kuongeza neno, ana maana ya zamani. Kijana wa boda boda akisikia neno hilohilo atakupeleka SGR. Elewaneni kabla hujapanda pikipiki.

Reli ilifika Voi lini?

Mwishoni mwa 1897. Kazi ilianza Mombasa, ambako reli ya kwanza ilitandikwa Mei 30, 1896. Kwa hiyo umbali wa kilomita 160 hivi kutoka pwani hadi Voi ulichukua mwaka mmoja na nusu. Ukilinganisha na kasi iliyofuata, huo ni mwendo wa kinyonga: Nairobi ilifikiwa Mei 1899, na ukingo wa Ziwa Victoria, hapo Kisumu ya leo, Desemba 1901.

Ukikuta vitabu viwili vimetaja tarehe tofauti, usidhani kimoja kinadanganya. Kuna siku vyuma vilipofika mahali, na kuna siku njia ilipofunguliwa kwa abiria na mizigo. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na kushindilia kokoto, kusimamisha matangi ya maji na kubadilisha madaraja ya muda. Waandishi wengi hawasemi wanazungumzia siku ipi.

Kwa nini stesheni kubwa ikawekwa Voi, si Maungu wala Ndi?

Maji. Kutoka Mazeras kwenda bara unaingia nyika ya Taru, nchi ya miiba na vumbi jekundu, na kwa masafa marefu hakuna mto. Injini ya mvuke hunywa maji kuliko ng'ombe, na maelfu ya wafanyakazi nao walihitaji ya kunywa na kupikia. Wakati wa kuivuka Taru, maji yalikuwa yakiletwa kwa treni kutoka nyuma, na treni ikichelewa watu walikaa na kiu.

Mto Voi, unaoshuka kutoka milima ya Taita, ndio uliovunja kiu hiyo. Hapo injini zilijazwa maji, wafanyakazi wakapumzika, bohari zikajengwa. Ni mto ambao mara nyingi ukiutazama leo utaona mchanga tu na utashangaa. Lakini chimba kidogo uone. Ndio huohuo unaoingia Tsavo Mashariki na kuzuiwa kwenye bwawa la Aruba, lililojengwa 1952.

Jina Voi lilitoka wapi?

Mji umechukua jina la mto, na mpaka hapo hakuna ubishi. Mabishano yako kwenye jina la mto. Hadithi inayorudiwa sana inasema limetokana na Kivoi, mfanyabiashara aliyepiga kambi hapa "miaka 400 iliyopita". Kivoi Mwendwa anayejulikana katika historia ni Mkamba wa Kitui, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa karne ya 19. Ndiye aliyempokea mmisionari Krapf 1849, na aliuawa 1851 wakiwa safarini pamoja kuelekea mto Tana. Huwezi kumrudisha nyuma karne mbili na nusu ili hadithi ikae sawa. Kama misafara yake ilipitia hapa, ilipita miaka 50 tu kabla ya reli.

Mbona iliitwa Reli ya Uganda na yote ilikuwa Kenya?

Kwa sababu waliolipia walikuwa wakiitazama Uganda: chanzo cha Nile na Ziwa Victoria. Nchi ya katikati kwao ilikuwa ya kupita tu. Isitoshe, njia ilipoanza kujengwa, Uganda ilienea mpaka karibu na Naivasha, na sehemu hiyo ya mashariki ilihamishiwa upande wa huku 1902. Reli yenyewe ilifika Kampala 1931.

## Waliojenga, na simba

Nani walioijenga?

Mhandisi mkuu alikuwa George Whitehouse, lakini nyundo na sururu zilishikwa zaidi na vibarua kutoka Bara Hindi. Walioletwa kwa mkataba wakati wote wa ujenzi walikuwa karibu 32,000. Takriban 2,500 kati yao walifariki, na chini ya 7,000 wakabaki Afrika Mashariki mikataba ilipokwisha. Malaria, kuhara, vidonda na ajali viliua wengi kuliko mnyama yeyote.

Waafrika nao walifanya kazi, kwa kufyeka, kuchimba na kubeba. Majina yao hayakuandikwa kwa uangalifu ule ule, ndiyo maana picha nyingi za ujenzi zinawaonyesha Wahindi na Wazungu peke yao.

Simba wala watu walikuwa hapa Voi?

Hapana, ingawa hoteli zetu hazioni haraka ya kukusahihisha. Simba wale wawili waliotisha kambi za vibarua 1898 walikuwa Tsavo, kilomita 50 hivi mbele ya Voi, ambako daraja la mto Tsavo lilikuwa likijengwa chini ya mhandisi Mwingereza, J. H. Patterson. Aliwaua Desemba 1898, mmoja tarehe 9 na wa pili tarehe 29. Ngozi zao aliziuza 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na huko ndiko waliko hadi leo.

Idadi ya waliouawa imevimba kadiri miaka ilivyopita. Patterson mwenyewe alifika kusema 135. Utafiti wa kikemia wa nywele na mifupa ya simba hao, uliotolewa 2009, ulikadiria kama 35.

Kwa hiyo Voi haikuwa na kisa chake cha simba?

Inacho, na hakisimuliwi sana. Mwaka 1899, simba wa Tsavo wakiwa wameshakufa, mhandisi aliyeitwa O'Hara alikuwa akisimamia ujenzi wa barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta. Alilala hemani na mkewe na watoto, simba akaingia usiku akamuua. Mwili uliletwa Voi ukazikwa.

Sehemu ninayoipenda ndiyo inayorukwa kila mara. Simba aliyefanya hivyo hakupigwa risasi na Mzungu mwenye bunduki. Wiki chache baadaye Mtaita mmoja, akiwa juu ya mti, alimpiga mshale wa sumu. Jina lake hakuna aliyejali kuliandika.

## Tawi la Taveta

Kwa nini Voi ikawa makutano ya reli?

Kwa sababu ya vita. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vilipoanza, majeshi ya Wajerumani kutoka upande wa Moshi yaliichukua Taveta na kukaa humo mpaka Machi 1916. Kati yao na Reli ya Uganda palikuwa na nyika tupu ya zaidi ya kilomita 100. Waingereza walikuwa na hofu mbili: reli yao kukatwa, na kushindwa kupeleka jeshi mpaka Kilimanjaro bila maji.

Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa mbung'o na maradhi. Wapagazi walikula sehemu kubwa ya mzigo wenyewe kabla hawajafika. Ikabaki reli. Mwanzoni mwa 1915 wakaanza kuitandika kutoka Voi kuelekea magharibi kupitia Mwatate na Bura, na katikati ya mwaka huo ilikuwa Maktau, kambi kubwa ya mbele. Vikosi vya reli vya jeshi la Bara Hindi ndivyo vilivyoitandika. Maji nayo yalivutwa kwa bomba kutoka Bura.

Fikiria hapo Voi palikuwaje. Miaka 17 stesheni ilikuwa kituo cha kunywesha injini, kisha ghafla kila askari, gunia, nyumbu na mzinga uliokwenda mpaka wa Kilimanjaro ulipaswa kushushwa au kugeuzwa njia hapa. Njia za kando ziliongezwa, kambi zikaenea, makaburi yakaongezeka. Makaburi ya wanajeshi yako Voi, Maktau na Taveta, na hutunzwa mpaka leo.

Ni kweli Wajerumani walilipua treni huku?

Kweli, na mara nyingi, hasa 1915. Vikosi vidogo vya askari wa Kiafrika na maofisa wachache vilitembea siku kadhaa kutoka Kilimanjaro vikiwa na baruti na vibuyu vya maji, vikatega reli, kisha vikarudi kama vilivyokuja. Baadhi yao hawakurudi. Kiu iliwamaliza kabla ya risasi.

Waingereza wakaanza kuweka behewa la mchanga mbele ya injini, ili bomu likilipuka livunje mchanga na si injini. Wajerumani wakajibu kwa kutengeneza mabomu yanayoacha behewa la kwanza lipite na kulipuka chini ya linalofuata. Mchezo huo wa paka na panya uliendelea kwa miezi mingi katika pori ambalo leo watalii hupiga picha za ndovu.

Reli hiyo ilifika wapi?

Mpaka nchi jirani. Shambulio la Februari 12, 1916 kwenye kilima cha Salaita lilishindwa. Machi, chini ya jenerali Smuts, Waingereza wakaipata Salaita na Taveta, wakapigana usiku kwenye vilima vya Latema na Reata, na tarehe 13 wakaingia Moshi. Reli ikawafuata nyuma mpaka Kahe, ikaungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga.

Hapo bahati ilisaidia. Wajerumani nao walikuwa wamejenga ya Tanga kwa upana wa mita moja. Kwa hiyo behewa lililotoka Mombasa lingeweza kwenda Moshi, au kuteremka mpaka Tanga, bila mzigo kushushwa. Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa njia pekee ya reli kati ya Kenya na Tanganyika. Hata reli ya Tanga na Reli ya Kati za Tanganyika hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe mpaka 1963, kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu.

Baada ya vita ilibeba nini?

Mkonge, kuliko kitu kingine chochote. Ukitoka Voi kwenda Mwatate utaona shamba la mkonge linalokwenda mpaka macho yachoke, na Taveta nako kulikuwa na mashamba makubwa ya mlowezi Ewart Grogan. Mkonge ni mzigo mkubwa, unaofungwa marobota, na bila reli usingefika bandarini kwa bei ya kuvumilika. Abiria nao walikuwepo: wafanyabiashara wa Taveta, wanafunzi, ndugu wa pande mbili za mpaka ambao kwao Moshi ilikuwa karibu kuliko Mombasa.

Ilikufa lini, na nani aliiua?

Haikufa siku moja. Pigo kubwa lilikuwa 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la pamoja la reli likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Tawi lililoishi kwa kuvuka mpaka likawa njia inayoishia ukutani. Mpaka ulipofunguliwa tena miaka ya 1980, malori yalikuwa yameshazoea kazi.

Baadaye mkonge ulipungua, na barabara ya Voi hadi Taveta ikatiwa lami. Treni ya abiria ya Taveta imebaki kwenye masimulizi. Upande wa pili wa mpaka, reli ya Tanga hadi Moshi nayo ililala miaka mingi, kisha Tanzania ikaifufua 2019.

Wanaoilaumu SGR kwa kifo cha tawi hili wanaionea. Lilikuwa hoi zamani.

## Maisha ya stesheni

Zamani abiria walikula wapi?

Voi. Kabla treni hazijawa na behewa la chakula, zilisimama vituo maalumu, abiria wakashuka kwenda kula katika nyumba ya wageni iliyoitwa dak bangalo, neno na utaratibu vilivyotoka India. Treni iliyoondoka Mombasa mchana ilifika Voi jioni, na chakula cha usiku kikawa hapa. Hao walikuwa abiria wa madaraja ya juu. Wa daraja la tatu walinunua dirishani walichoweza: ndizi, mayai ya kuchemsha, miwa.

Zile injini kubwa za mvuke zilipita Voi?

Zilipita kila siku. Zilizokuwa kubwa kuliko zote ni Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 250 na ilichoma mafuta, si makaa. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu.

Safari ilikuwa ndefu mno kwa dereva mmoja. Wafanyakazi wa zamu ya pili walilala kwenye behewa lao nyuma ya injini, kisha wakabadilishana. Mvuke ulikwisha njia hii kufikia 1980. Ukitaka kuigusa Garratt, namba 5918, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli, Nairobi.

"Landi" ni nini?

Nyumba za wafanyakazi wa reli: vyumba vilivyoungana safu moja, mlango mmoja na dirisha moja, bomba la maji likiwa la wote. Kila stesheni kubwa ilikuwa nazo. Watoto wa landi walisoma saa kwa treni. Ya mizigo ikipiga honi mtu alijua ni wakati wa kuinjika ugali.

Kumewahi kutokea ajali kubwa karibu na Voi?

Ndiyo. Machi 1999 treni ya usiku ya Nairobi kwenda Mombasa iliacha njia eneo la Tsavo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Wengi huichanganya na ile ya Januari 1993, ambapo mafuriko yalibomoa daraja la mto Ngai Ndethya na treni ya Mombasa kwenda Nairobi ikatumbukia; waliokufa walizidi 100. Hiyo ya pili ilikuwa mbali, mbele ya Mtito Andei.

## Reli mpya na wageni wa leo

SGR inasimama Voi?

Inayosimama vituo vya kati inasimama. Ya moja kwa moja haisimami. Hili linawakosesha watu kila wiki: mtu anakata tiketi ya haraka, anaiona Voi ikipita dirishani, anashuka Miritini, stesheni ya mwisho ya Mombasa, na kutafuta matatu ya kurudi. Soma aina ya treni kabla ya kulipa, na uthibitishe ratiba ya siku hiyo. Beba kitambulisho.

Kwa nini reli mpya imeinuliwa juu hivyo?

Inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, hifadhi iliyoanzishwa 1948, nusu karne baada ya reli ya kwanza. Reli ya zamani ilikaa chini na ndovu waliivuka popote, wakati mwingine wakigongwa. Mpya imepandishwa kwenye tuta na kuachiwa vivuko chini yake. Ndovu wamejifunza kuvitumia, ingawa wapo wanaofuata ukingo wa tuta kilomita kadhaa wakitafuta njia ya babu zao.

Naweza kwenda kuitazama stesheni ya zamani?

Unaweza, lakini ni mali ya shirika la reli, si makumbusho. Omba ruhusa kwa utakayemkuta, hasa ukiwa na kamera, na usitembee katikati ya reli kwa kudhani imekufa.

Ukiruhusiwa, chuchumaa kando ya njia uangalie mataruma, vile vipande vilivyolazwa chini ya reli. Reli ya zamani ilitumia sana ya chuma, yaliyokunjwa kama bakuli lililogeuzwa, wakati ya SGR ni ya zege. Kisha tazama ubavu wa reli yenyewe: ukisugua kutu kwa kidole, mara nyingi utapapasa herufi zilizotokeza, jina la kiwanda na mwaka kilipotengenezwa chuma hicho.

## Maswali ya wachache

Babu yangu alifanya kazi ya reli Voi. Nianze kumtafuta wapi?

Anza na karatasi za nyumbani: kadi ya kazi, barua ya pensheni, picha yenye mgongo ulioandikwa. Mwaka ni muhimu kwa sababu mwajiri alibadilika jina. Kati ya 1948 na 1977 lilikuwa shirika la pamoja la Afrika Mashariki, kwa hiyo mtu wa Voi angeweza kuhamishiwa Tanga, Tabora au Jinja, na wengi walihamishwa. Baada ya hapo ni shirika la Kenya.

Ukishajua mwaka, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, na Makumbusho ya Reli. Usiende na jina peke yake. Nenda na namba ya kazi kama unayo, maana majina yaliandikwa na makarani kwa jinsi walivyoyasikia, na Mwakio mmoja anaweza kuwa ameandikwa kwa namna tatu.

Kama vita visingetokea, Voi ingekuwa nini?

Pengine kama Maungu: mji mdogo wa barabarani wenye njia ya kando na tangi la maji.